Kioo cha Kisogoni

Kaka yangu ni kinyozi, mimi ni fundi cherehani, na kati ya chumba chake cha kazi na changu kuna ukuta wa mbao nyembamba kiasi kwamba mteja wake akikohoa, mimi ndiye ninayempa pole. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuhadithiwa. Mengine nimeyasikia kwa masikio yangu, mengine nimeyaona kwa macho, maana nyumbani kwake huwa napiga hodi nikiwa nimeshavuta kiti.

Wateja wamempa jina la Taratibu. Hana haraka na kichwa cha mtu. Atakinyoa, atakipangusa, atasogea nyuma akikodolee macho, kisha atarudi kuondoa unywele mmoja ambao mwenye kichwa asingeujua maisha yake yote. Akimaliza, huchukua kioo kidogo cha mkono, akasimama nyuma ya kiti, akakishika vizuri ili mteja aone kisogo chake ndani ya kile kioo kikubwa cha mbele. Halafu husema maneno yale yale kwa kila mtu, awe bosi au mwanafunzi: "Angalia na nyuma. Unasemaje?"

Wengi husema safi na kuondoka. Lakini yuko dereva mmoja wa lori, tunamwita Kasoro, mwenye kichwa kikubwa na mdomo mkubwa zaidi. Huyo hajawahi kusema safi. Kila akionyeshwa kioo, kuna jambo.

"Huku umenichimba," utamsikia. "Umeninyoa kama unapalilia shamba."

Mimi huku kwenye cherehani damu hunichemka kwa niaba ya ndugu yangu. Tabia yangu naijua: mtu akiniambia pindo limepinda, hasira hupanda kabla hajamaliza sentensi yake. Ila upande wa pili wa mbao hutasikia ugomvi. Utasikia mashine ikizimwa. Kisha kitana kinagongwa kiganjani mara mbili, ta, ta. Kisha anakipuliza nywele, fuu. Kisha neno moja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Wapi?"

Kasoro anaonyesha kwa kidole, kaka anaangalia. Kama kuna kosa analirekebisha, kama hakuna anamweleza kwa nini nywele za pale hulala vile. Maisha yanaendelea. Nilimuuliza siku moja anawezaje, maana mimi ningekwisha kumpiga Kasoro kwa kile kioo.

"Dada, yeye kisogo chake hakioni, na mimi kichwa si changu," aliniambia. "Akisema pana kasoro, kwanza anionyeshe ilipo. Nikianza kujitetea kabla sijaona, nitakuwa nabishana juu ya kitu ambacho hata sikijui."

Maneno ya mtu mzima hayo. Nikamheshimu kwa dakika kadhaa.

Sasa huyo huyo Taratibu mvue koti lake jeupe, mvushe barabara, mwingize jikoni kwake. Utadhani wamembadilisha njiani.

Wifi yangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Alianza pale mtoto wao wa mwisho alipoingia shule, na wakakubaliana na mumewe kugawana kazi za nyumbani. Yeye anapika na kufua, mume anaosha vyombo na kufagia. Mkataba mzuri, wa watu wanaopendana. Shida ni kwamba wifi kazi yake kiwandani ni kukagua. Anasimama mwishoni mwa mashine, mikate inampitia ikiwa imeshafungwa, na yeye huugeuza kila mmoja tumbo juu kutafuta ulioungua chini au uliochanika mfuko. Mkono ukishazoea kugeuza, haujui kwamba umetoka kazini. Nyumbani akishika sufuria, anaigeuza.

"Baba watoto, hapa chini bado pana masizi."

"Kwani chakula kinapikwa chini au ndani?"

Na kufagia hivyo hivyo. Katika chumba chake cha kazi kaka hufagia nywele siku nzima akizisukumia nyuma ya mlango, na jioni anapofunga ndipo hulizoa lundo lote mara moja. Ni utaratibu mzuri kwa kinyozi. Nyumbani nako alifagia vile vile: vumbi, makombo, na kifuniko cha kalamu, vyote nyuma ya mlango vikisubiri saa ya kufunga. Sasa nyumba inafungwa saa ngapi?

"Siku zote unaacha uchafu nyuma ya mlango."

"Kwani huko nyuma ya mlango unamuuma nani?"

Kwani, kwani, kwani. Kila jibu lake lilianza hapo. Na masikio yalimcheza. Tangu tukiwa watoto hasira ya kaka yangu hupitia masikioni, hunyanyuka kama ya paka aliyesikia sahani. Marehemu mama alikuwa hamwangalii usoni kabisa, akitaka kujua hali ya hewa anaangalia masikio. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na mimi niliongeza kwamba kinyozi wa kwetu hata akishikiwa kioo hajitazami. Nilimwambia hivyo. Masikio yakanyanyuka.

Hata hivyo ilikuwa ni kelele za nyumba yenye watu, na mtu alikuwa akicheka mwishoni. Mpaka lilipokuja suala la koti.

Meneja wa kiwanda alimwita wifi yangu ofisini, akamwambia zamu ya alfajiri inahitaji msimamizi, na amemfikiria yeye. Ajibu mwisho wa mwezi, Jumatatu. Wasimamizi pale huvaa koti la bluu, na kila mtu hushonesha lake. Jioni hiyo hiyo wifi alikuja kwangu na kitambaa chini ya kwapa, bado ana kofia ya kiwandani kichwani, akanikumbatia mpaka pini zikanichoma.

"Nipime, wifi. Niwekee mifuko miwili mikubwa, na ukosi usimame. Nataka nikipita, mashine zenyewe zinyamaze."

Sijawahi kumwona vile. Miaka yote hiyo amegeuza mikate, na watu walioingia kazini nyuma yake wamepita mbele yake. Nilimpima huku nikiimba.

Upande wa pili kaka naye aliwatangazia wateja wote. "Mke wangu sasa ni mkubwa," alisema, na hata Kasoro siku hiyo alikosa la kusema. Jambo moja tu lilibaki. Zamu ya alfajiri maana yake mama anatoka watoto hawajaamka. Asubuhi yote inaangukia kwa baba: chai, sare za shule, vyombo, kufagia, kumkimbiza mdogo aliyeficha kiatu. Kwa kinyozi inawezekana, vichwa vya asubuhi huwa vichache. Kaka alisema ataweza. Akasema atafanya na mazoezi.

Mazoezi yalifanyika Jumapili, siku ambayo hafungui, na mimi nilikuwepo. Aliwaamuru watoto wajifanye wanakwenda shule. Akaosha vyombo, akapiga pasi sare, akatengeneza chai na kuijaza kwenye chupa, akapanga vikombe mezani kama hotelini. Tulikaa. Yule mdogo, tunayemwita Kibogoyo kwa sababu meno yote ya mbele yameng'oka, alikunywa fundo moja akaniangalia.

"Shangazi, chai ina harufu ya kinyozi."

Wifi alichukua chupa, akaifungua, akainusa. Kazini kwa kaka yangu kila kinachogusa ngozi ya mtu lazima kifutwe kwa spiriti: mashine, wembe, vitana, vyote. Na yeye, kwa kutaka asubuhi ya kwanza ya watoto wake iwe safi kuliko safi, alikuwa ameipangusa ile chupa ya chai kwa spiriti, ndani na nje.

"Umeweka nini humu, baba watoto?"

"Spiriti. Nimeua vijidudu."

"Spiriti kwenye chai ya watoto?" Wifi alisimama. "Siku zote ni hivi hivi. Nikikuachia kitu kimoja, lazima nikirudie mimi. Mwezi ujao nani atakirudia?"

Niliona masikio yakinyanyuka.

"Kwani mimi nani humu ndani, mtumishi wako?" alifoka kaka. "Nimeamka tangu saa ngapi? Sufuria chafu, mlango mchafu, chupa inanuka! Kama hupendi ninavyofanya, basi fanya mwenyewe!"

Watoto waliangalia meza. Wifi alikiweka kikombe chini polepole.

"Sawa," alisema.

Nami, damu ni nzito kuliko maji, moyoni nilimpigia ndugu yangu makofi. Nilisema, amepumua, kesho watacheka.

Kesho yake wifi alifanya mwenyewe. Aliamka mapema akafagia, akatoka kazini akaosha vyombo, akapika, akaosha tena. Kaka akisogea kwenye sinki anakuta limeshakauka. Hakuna aliyegeuza sufuria mbele yake, wala aliyemwonyesha nyuma ya mlango. Akiuliza chakula kiko wapi, anajibiwa. Akieleza habari ya wateja, anaitikiwa. Wakati mwingine kwa kujipendekeza alifagia, akauliza, "Vipi, hapa pako sawa?"

"Sawa tu."

Alinijia na kiti chake akakaa mlangoni kwangu, ametulia kama aliyeshinda kesi. "Nyumba imetulia, dada. Mtu ukisema neno lako mara moja kwa nguvu, linasikika." Nikamwambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Akasema mimi nimezoea kelele za cherehani.

Siku ya Alhamisi wifi aliingia kwangu. Hakukaa. Alisimama karibu na meza ninayokatia, akaweka kiganja juu ya kile kitambaa cha bluu nilichokuwa nimeshakichora chaki.

"Usilikate, wifi. Nirudishie hivyo hivyo."

"Kwa nini?"

"Jumatatu nitawaambia watafute mtu mwingine."

Mimi si mtu wa kupokea jambo kwa upole. Nilimuuliza kama amerogwa. Nilimuuliza kama anataka kugeuza mikate mpaka imgeuze yeye. Alinisubiri nimalize, tabia ambayo huniudhi sana.

"Nikiwa kule kwenye mashine usiku haujaisha," alisema, "nitakuwa nafikiria watoto wamekunywa nini na wamevaa nini. Hilo ningelivumilia, kama ningejua nikirudi nina ruhusa ya kusema. Sasa sina. Nikisema, naambiwa fanya mwenyewe. Basi nitafanya mwenyewe, na siwezi kufanya mwenyewe nikiwa kiwandani." Macho yalimjaa, akayapangusa kwa ukingo wa kofia. "Na usimwambie ndugu yako. Sitaki akubali kwa sababu amesutwa. Niahidi."

Nikaahidi. Nilipokwisha kuahidi nikajilaumu, kwa sababu kila anayenijua anajua kwamba siri kwangu ni kama pini mdomoni: naweza kuishika, lakini siwezi kula wala kucheka. Nilikikunja kitambaa nikakiweka kwenye mfuko wake kando ya mlango, maana alitoka bila kukichukua. Siku nzima iliyofuata nilikanyaga cherehani kama ninayekimbia mbwa.

Jumamosi mchana, wakati wateja wamepungua, nilisikia kaka akitoka nje kumsalimia mtu kwa furaha.

"Mzee wangu! Umepotea sana."

Nilichungulia. Alikuwa yule karani mstaafu, mzee mtaratibu mwenye mvi nyingi, ambaye kwa miaka na miaka alikaa kwenye kiti cha kaka yangu kila baada ya wiki chache. Akionyeshwa kioo cha nyuma alikuwa hana maneno. Sawa tu, sawa tu, anavaa kofia yake, anaaga. Sasa alivua ile kofia kusalimia, kama adabu yake ilivyo, na kichwa chini yake kilikuwa kimenyolewa jana yake. Kilikuwa kimenyolewa vizuri. Na kaka hakukinyoa yeye.

Waliulizana habari za nyumbani. Mzee akarudisha kofia, akaenda zake. Kaka alibaki barabarani na kitana mkononi, kisha akaingia kwangu bila hata kuvua koti jeupe.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Huyu hajawahi kulalamika, dada. Hata siku moja! Kasoro ananitukana kila mara, na kila mara anarudi. Huyu..." Alikaa kwenye kigoda cha wateja. "Labda kuna mahali palikuwa panamkera siku zote, pale nyuma ya sikio, na mimi sikujua. Nilipomuuliza aliniambia sawa tu. Kumbe alikuwa ananiaga."

Nikabana midomo. Nilikuwa nimeahidi, na safari hii sikuwa na haja ya kusema, kwa sababu niliona jambo lenyewe likimfikia. Aligonga kitana kiganjani mara mbili bila kujua anafanya hivyo. Hakukipuliza.

"Mama watoto naye ananiambia sawa tu," alisema.

Kisha macho yake yakaenda kwenye ule mfuko kando ya mlango. Bluu ilikuwa imechungulia juu.

"Si ulisema leo unaliunga lile koti? Mbona hujakikata kitambaa?"

"Nimeambiwa nisiseme," nikamjibu, na ilikuwa kweli tupu.

Sikumwonea huruma haraka, lakini nilimwonea. Uso wa mtu mzima ukiingiwa na hofu hurudi kuwa ule wa utotoni. Masikio yalikuwa yamelala kabisa. Alikaa pale mpaka mteja alipoita upande wa pili, akanyanyuka akaenda kunyoa, na jioni ile yote sikumsikia akiongea ila yale maneno yake: angalia na nyuma, unasemaje.

Jumapili niliitwa kula. Nadhani kaka alitaka shahidi, au alitaka mtu wa kumshika. Tulipomaliza, wifi alinyanyuka kukusanya sahani kama ilivyokuwa desturi mpya, na mume akaziondoa mikononi mwake.

"Kaa, mama watoto. Nakuomba."

Aliosha. Taratibu, kama kichwa cha mtu. Alisugua masufuria, akafuta jiko, akafagia mpaka nyuma ya mlango, akalizoa lundo akalitupa nje papo hapo. Wifi alikaa pembeni ya meza ameshika kitambaa cha kufutia, hana la kufanya nacho. Watoto walitumwa kucheza uani. Kaka alipokwisha kupanga kila kitu kwenye rafu, alikausha mikono, akafungua mfuko wake wa kazi, akatoa kile kioo kidogo.

Nilidhani amechanganyikiwa. Alikwenda kwenye rafu ya vyombo, akakishika kioo kule nyuma, kati ya rafu na ukuta, kama anavyokishika nyuma ya kichwa cha mteja.

"Angalia na nyuma," alimwambia mkewe. "Unasemaje?"

Nilicheka peke yangu. Wifi aliangalia kioo, akamwangalia mumewe.

"Sawa tu."

"Hapana," kaka alisema. "Mteja akiniambia sawa tu vile, mwezi ujao simwoni. Nimempoteza mzee mmoja hivyo. Wewe sitaki kukupoteza nikiwa nimelala nawe chumba kimoja. Nilisema neno baya. Nilikwambia ufanye mwenyewe, na nyumba ni yetu. Nisamehe. Sasa niambie."

Bomba lilidondosha tone, na tone jingine. Wifi alikunja kile kitambaa, akakikunjua. Kisha alisimama, akaenda kwenye rafu, akachukua sufuria kubwa, na mimi nikafumba jicho moja. Akaigeuza.

"Hii bado," alisema kwa sauti ndogo.

Masikio yakanyanyuka. Niliyaona vizuri, na yeye wifi aliyaona, kwa sababu alirudi nyuma nusu hatua. Kaka alifungua mdomo, na naapa lile "kwani" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akaufunga. Alitafuta kitana mfukoni, hakuwa na koti la kazi. Akachukua mwiko. Akaugonga kiganjani, ta, ta. Akaupuliza, ingawa haukuwa na kitu.

"Wapi?"

Wifi alimwonyesha. Hapa, kwenye pete ya chini, hapa karibu na mpini. Kaka alisogea dirishani kwenye mwanga akaangalia. "Kweli," alisema, "sikupaona." Akaichukua sufuria akairudisha kwenye sinki.

Basi ikawa kama mtu amefungua bomba. Wifi alisema la sponji ya vyombo anayofutia meza. Wapi? Akasema la sare zinazopigwa pasi kola imekunjwa. Wapi? Ta, ta. Akasema la taulo mbichi kitandani, na hapo hata mimi niliona ni kubwa kuliko sufuria. Mwiko ule uligongwa mpaka nikadhani kiganja kitavimba. Kuna mahali kaka alisema, "Ngoja kidogo," akatoka nje, akafagia uwanja ambao ulikuwa safi, akarudi. Hatukumuuliza kitu.

"Na mimi nina langu moja," alisema aliporudi. "Unapoanza na siku zote, nikisikia hilo tu nafunga masikio. Nakuwa nahesabu kichwani siku nilizofanya vizuri. Niambie la leo. La leo naweza kulirekebisha."

Wifi alifikiri. Alifikiri kweli, si kwa kumridhisha.

"Naweza kujaribu," alisema. "Ila lile la spiriti lilikuwa la siku ile, na nililisema mbele ya dada yako na watoto. Hilo nalo halikuwa zuri."

"Lilikuwa baya kidogo."

"Chai ilikuwa mbaya zaidi."

Hapo wakacheka, na mimi nikacheka kupita kiasi kwa sababu nilikuwa karibu kulia. Lakini wifi aliacha kucheka kabla yetu. Alikaa chini.

"Sikuwa nagombania masizi," alisema. "Nilikuwa naogopa. Nikiondoka alfajiri naacha watoto wangu mikononi mwako, na mtu ambaye haambiki siwezi kumwachia. Ulipokasirika nilijiona niko peke yangu kabisa. Nimekaa peke yangu humu ndani siku zote hizi, na wewe ulikuwa umekaa hapo."

Kaka hakusema wapi. Alivuta kiti akakaa mbele yake, akamshika mikono. Mimi nikaona sufuria ile inahitaji kumaliziwa, nikaenda kwenye sinki nikawapa kisogo.

Jumatatu mchana wifi aliingia kwangu akiwa na kofia ya kiwandani. Alikichukua kitambaa kwenye mfuko, akakitandaza mezani mwenyewe.

"Kata," alisema.

Nilikata. Sikumuuliza walisema nini kiwandani, nilitupa kazi zote za watu wengine pembeni. Nilikata nikiwa na furaha, nikashona nikiwa na furaha, mifuko miwili mikubwa, ukosi umesimama kama askari. Kati ya kazi zote nilizofanya mwaka ule, lile koti ndilo nililotaka nisifiwe kwalo.

Alikuja kulijaribu Jumatano jioni. Alilivaa, akafunga vifungo, akasimama mbele ya kioo changu kirefu. Nilisubiri sifa. Upande wa pili mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma. Wifi alijigeuza, akajitazama mgongo, akanyoosha mkono wa kulia, akanyoosha wa kushoto, akakunja uso.

"Wifi, mkono huu wa kushoto umenivuta."

Umemvuta! Koti nililoacha kazi za watu kwa ajili yake! Damu ilinichemka kutoka kwenye nyayo. Nilikuwa na majibu, tena mazuri, ningeanza na kwani na kumalizia na tafuta fundi mwingine. Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, walisema, na mimi nilikaa nikashuhudia kunyolewa kote kule kichwa changu kikiwa kikavu.

Ng'ambo ya mbao mashine ilizimwa. Ndugu yangu ana sikio refu, tumezaliwa hivyo. Nikasikia kitana kikigongwa kiganjani mara mbili, polepole, kwa ajili yangu.

Nikamwangalia wifi kwenye kioo. Alikuwa amesimama ndani ya koti lake la bluu, ananisubiri, bila hofu yoyote. Mtu haulizi habari za mkono wa koti ambalo hana nia ya kulivaa. Nikachukua chaki mezani, nikaipuliza.

"Wapi?"

Alinyanyua mkono akanionyesha. Na kweli, kwapani palikuwa pamebana.